Kiberiti cha Oltepesi

Mpendwa Paker,

Ninakuita kwa jina hilo kwa sababu sina ruhusa ya kukuita kwa jingine. Kwenu Uswidi unaitwa Annika, na ndivyo ulivyoandikwa katika kumbukumbu za chuo chetu: Annika, mwanafunzi wa kubadilishana. Lakini siku nilipokukabidhi kondoo wangu nyumbani kwa Kokoo, bibi yangu, jina hilo lilikoma kati yetu. Ndivyo ilivyo kwetu Wamaasai. Aliyetoa kondoo na aliyempokea huacha kuitana majina yao, na kila mmoja humwita mwenzake Paker, kwa kuwa kondoo kwa Kimaa ni enker. Kondoo mmoja, jina moja, watu wawili.

Barua hii ninaiandika wazi. Nakala moja nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa bweni letu, na nyingine nitaiweka mezani kwetu Kitengela, pale baba anapoweka miwani yake. Ulitoa ushahidi dhidi yangu mbele ya watu, na si haki nikujibu uvunguni. Isitoshe, nilikwisha kukuandikia faraghani, tena zaidi ya mara moja, na hukunijibu. Uliyemwandikia ni mama. Mwezi uliopita ulimuuliza kama mnaweza kuja Agosti, wewe na mchumba wako, "kuirudia ile wiki nzuri ya matembezi."

Basi na tuirudie. Tuirudie hapa kwanza, mimi na wewe, kabla hujafunga mizigo.

Ilikuwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Wenzako wa mpango ule walikwenda pwani kuoga jua. Wewe ulisema hukuja Afrika kuota jua, umekuja kujua watu, nami niliyapenda maneno hayo kwa ujinga wa mtu anayependa kila sentensi iliyojengwa vizuri. Nikakuleta kwetu. Siku hizo Kitengela ilikuwa bado na punda milia wengi kuliko malango ya chuma. Baba, karani wa halmashauri, alikuwa amejiombea likizo kwa ajili yako na kuisugua pikapu yake hadi ikafanana na kitu kinachoaminika. Mama, mwalimu wa shule ya msingi, alisimama mlangoni na kanga mpya. Ukainama ukasema, "Shikamoo, mama. Nimefurahi mno kupata fursa ya kukufahamu."

Mama alinigeukia, macho yamemtoka. "Naserian, huyu umetoa wapi? Anaongea kama taarifa ya habari!"

"Sasa hii nyumba itabidi tuongee Kiswahili ya redio," baba akasema. "Karibu, Mtangazaji. Leta hiyo begi. Na usiogope gari yangu, iko na roho ya punda, inagoma lakini haifi."

Ukawa Mtangazaji tangu hapo. Ulikuwa umejifunza Kiswahili kwenu, kwa vitabu, na kilikuwa safi kuliko chetu sote. Ulimsahihisha baba ngeli mezani, akacheka hadi akapaliwa na ugali. Naomba ulishike hilo, Paker, usafi wa Kiswahili chako. Nitalihitaji baadaye.

Unakumbuka soko la mifugo la Kajiado? Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alikutaka ukadirie uzito wa fahali wake, ukataja uzito wa ndama. "Mtangazaji," akakuambia, kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kulitangaza jina lako soko zima, "wewe ukikuja peke yako hapa, tutakuuzia paka na useme asante." Ulicheka ukanishika mkono. Ulinishika mkono kila ulipocheka, wiki nzima, na mimi, ambaye hata mama anajua kwamba sipendi kushikwashikwa, nilikuachia.

Illasit tulifika jioni, mashamba ya nyanya na vitunguu kila upande, na Kilimanjaro imejifunika mawingu mpaka chini. Ulisononeka kama mtu aliyefiwa. Mama akakupigapiga mgongoni: "Ngoja asubuhi. Mlima ni ya Tanzania, lakini kuiangalia ni bure." Alfajiri ulituamsha sote kwa kelele. Mlima ulikuwa wazi, mweupe kileleni, karibu kama ukuta wa jirani. Ulilia. Mama akakufunika na shuka lake akasimama kando yako bila kusema neno, na mimi, Mungu ananiona, nilisikia wivu kidogo, kwa sababu mama hajawahi kusimama kimya kando yangu.

Kisha Kisaju, kwa Kokoo.

Nilikufundisha salamu njiani. Yeye atasema "Takwenya," nawe utajibu "Iko." Hilo ulilifanya vema. Taabu ilianza ulipotaka kuendelea mwenyewe kwa Kimaa. Ulitaka kumuuliza kuhusu kondoo, inkerra, lakini kwa ulimi wako ile r nzito ilitoka nyepesi, na neno likawa inkera, watoto. Ukasimama mbele ya zizi, ukiwa umenyooka kama mtu anayekariri shairi, ukamuuliza mwanamke mwenye wajukuu wasiohesabika huwa anachinja watoto wake lini.

Kokoo akaniambia, "Mwambie bado hatujaanza. Lakini mvua ikikosa tena, tutafikiria."

Tulicheka hadi mbwa wakabweka. Hukulikosea kwa ubaya. Ulimi wako haukuwa umelizoea. Naomba ulishike na hili pia. Kuna kosa la ulimi, na hilo nyumba yetu yote ilikusamehe kabla halijaisha kutoka kinywani mwako.

Ni jioni hiyo nilipoamua. Nilikuwa na kondoo jike mmoja tu katika zizi lile, aliyekuwa wangu kweli. Kokoo alinipa nilipofaulu kwenda chuo kikuu. Nikasema nakupa wewe. Kokoo hakufurahi wala hakukasirika. Aliuliza tu.

"Ukishampa, jina lake utaliacha. Umefikiria?"

"Nimefikiria, Kokoo."

"Na yeye je?"

Nikakutafsiria. Ukajibu kwa haraka, "Nimeelewa kabisa, Kokoo."

Nilipomfikishia jibu lako, akasema, "Sikuuliza kama ameelewa." Lakini alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kumshika kondoo, na sote tukachukulia kwamba ni utani wake wa kawaida. Ulimkumbatia yule kondoo shingoni. Kwa kuwa hakuna ndege inayobeba kondoo, alibaki zizini mwa Kokoo, wako. Tangu jioni ile uliniita Paker mbele ya watu wote, kwa sauti, kwa fahari, hata kwa wauza mkaa.

Siku ya mwisho mama alibaki nyumbani, baba akatupeleka Magadi kuona ziwa la magadi na ndege wake wekundu. Tulipitia Isinya na Kiserian, tukateremka bondeni, na joto likawa linapanda kadiri barabara inavyoshuka. Tulipofika Oltepesi, pikapu ikatimiza ahadi yake ya kugoma. Moshi ukafuka kwenye boneti. Baba akashuka, akalifungua kwa kitambaa, akachukua mtungi wa maji uliokuwa mtupu. Mimi na wewe tulikuwa tumeketi nyuma, miguu inaning'inia. Uliniuliza tutafanya nini tukirudi chuoni, maana ulikuwa umeyaona yale mabati yaliyozungushwa usiku kwenye kiwanja chetu nyuma ya mabweni, ardhi ya chuo iliyokuwa imegawiwa watu wenye majina makubwa na aibu ndogo.

Nikasema, "Jumatatu tunauwasha moto."

Baba alisikia. Alisimama na mtungi wake akaniambia, "Wewe na moto wako! Hapa gari inaungua, wewe unaongeza ingine." Akaenda zake kwenye maduka ya barabarani kutafuta maji. Nilimtazama akiondoka, kofia yake ikirukaruka. Alikuwa amekwisha kufika mbali ulipofungua kinywa.

"Moto gani, Paker?"

Nami nikakujibu. Nitayaandika hapa maneno yangu kama nilivyoyasema, kwa kuwa hayajawahi kuandikwa popote. Nilisema: "Moto wa maneno. Tutakaa chini mbele ya yale mabati, tuimbe, tuyasome majina ya waliojigawia ardhi yetu, moja moja, kwa kipaza sauti. Na atakayekuja na kiberiti atanikuta mimi njiani."

"Kiberiti ni nini?" ukauliza.

Nilicheka. Ulijua neno mustakabali, ulijua maudhui, ulijua uzalendo, lakini hukujua kiberiti! Nikashuka, nikaingiza mkono kwenye dirisha la dereva, nikakitoa kiberiti cha baba, nikawasha kijiti kimoja na kukizima kwa kidole. "Hiki." Ukalirudia neno polepole, kama mtu anayeonja chakula kigeni. Kiberiti. Ulijifunza neno hilo kutoka kinywani mwangu, Paker, ndani ya sentensi ile ile. Hapakuwa na mtu mwingine. Baba aliporudi na maji tulikuwa tumekwisha kuhamia kwenye habari za ndege wekundu.

Jumatatu tulifanya kama nilivyosema. Tulikaa chini. Tuliimba. Tuliyasoma majina, na wenye majina waliyasikia, maana polisi walifika kabla hatujafika nusu. Katika vurugu za kutawanywa, ghala la mbao ndani ya mabati likashika moto. Nani aliliwasha? Hadi leo sijui. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mtaro, macho yamejaa gesi.

Lakini chuo kilihitaji mtu, na mtu mwenye sauti kubwa ndiye anayeonekana upesi. Nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nilipokuona umeketi kwenye kiti cha mashahidi nilishusha pumzi. Ndiyo, nilishusha pumzi! Nilijisemea: huyu ni Paker. Huyu alikuwepo. Huyu atasema.

Mwenyekiti alikuuliza kama uliwahi kunisikia nikizungumzia moto. Ukasema ndiyo. Akakuuliza nilisema nini hasa, ukayatamka maneno yangu kwa Kiswahili kizuri, kisha ukawatafsiria kwa Kiingereza: Jumatatu tunauwasha moto. Nikangoja. Akakuuliza kama nilitaja mafuta ya petroli, au kiberiti, au chochote cha kuwashia. Ulitazama mikono yako. Ukasema, "Kiberiti alikitaja."

Ni kweli. Nilikitaja. Kila neno ulilolisema mbele ya watu wale lilikuwa la kweli, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kukupinga, hata mimi! Ningesema nini? Kwamba ni mwongo? Hukuwa mwongo. Ulilichukua neno moja ukalitenga na sentensi yake, ukaliweka mezani pao likiwa peke yake, nalo likageuka kuwa silaha. Kinywa kilichokosea watoto na kondoo tulikisamehe kwa kicheko. Lakini siku ile hukukosea kitu. Ngeli zako zote zilikuwa sawa.

Kisha likaja swali ambalo limekaa nami tangu hapo kama mwiba uliovunjikia nyayoni. "Alisema lolote jingine?"

"Sikumbuki."

Na jingine: "Una uhusiano gani na mtuhumiwa?"

"Nilitembelea familia yao kwa wiki moja. Yalikuwa matembezi tu."

Matembezi tu. Shuka la mama begani mwako, Illasit, lilikuwa matembezi. Baba na mtungi wake, matembezi. Kondoo wangu pekee! Nilisikia baadaye kwamba watu wa mpango wenu walikuonya: ukijiingiza katika siasa za wanafunzi, kibali chako kitafutwa na utarudishwa kwenu kabla ya mitihani. Nimelifikiria hilo kwa uaminifu wote nilio nao. Nimejiambia uliogopa, ulikuwa mgeni, ulikuwa peke yako. Na kila nikifika hapo nauliza: mimi nilikuwa na nani? Wewe ulihofia kurudishwa kwenu. Nami nilirudishwa kwetu.

Kamati iliponisimamisha masomo, baba alikuja kunichukua na ile pikapu. Tulipakia godoro na vitabu, tukafika Mlolongo. Hapo akakitazama kiti kilichokuwa kati yetu, akasema, "Mtangazaji alipenda kukaa hapa." Basi.

Lakini usiku ule, na kila usiku uliofuata, katika sala ya chakula aliongeza mstari: "Na Bwana, mpoze binti yetu ulimi, umwondolee moto." Mama alikuwa akiitikia amina kwa sauti ndogo. Ugali ulikuwa unapoa mbele yangu, nami nimefumba macho ninaombewa kwa kosa ambalo sikulitenda. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Baba, sikuchoma kitu."

"Sijasema ulichoma."

"Unaomba kila siku kana kwamba nilichoma."

"Naserian, mimi nilisikia na hii masikio yangu. Oltepesi. Ulisema moto. Sasa unataka nimwambie Mungu sikusikia?"

Nikamweleza yaliyofuata, ulichouliza na nilichojibu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima anayowapa watu wanaokuja ofisini kwake na madai yasiyo na ushahidi. Kisha akauliza, "Nani mwingine alisikia hiyo?"

Nikasema, "Paker."

"Na Paker alisemaje?"

Unaona sasa ulichonifanyia? Chuo kimenirudisha. Adhabu niliimaliza, nimerudi darasani, ninazungumza tena mikutanoni na wenye mabati wananisikia tena. Lakini baba hajanirudisha. Ananipenda, ananipa nauli, ananiuliza habari za masomo, na bado mstari ule umo katika sala. Sehemu ya pili ya mazungumzo yale iko mahali pamoja tu chini ya jua, napo ni kichwani mwako, na wewe ulisema hukumbuki. Hilo ndilo nililokuomba katika barua zangu. Sikukuomba fidia, wala machozi. Nilikuomba sentensi moja, uiandike kwa mkono wako, umtumie baba. Ukanyamaza. Kisha ukamwandikia mama kuhusu Agosti.

Nilikwenda kwa Kokoo kumwambia kwamba nataka kukuvua jina. Alikuwa anamfunga ndama.

"Kondoo yake imezaa, na watoto yake wamezaa," akasema. "Sasa hao wote utawarudisha kwa tumbo?"

"Amenisaliti, Kokoo."

"Nimesikia. Mpige ukimwona. Lakini utampiga ukimwita Paker."

Ndiyo maana nimekuita hivyo tangu mstari wa kwanza. Usidhani ni upole.

Mama aliposoma barua yako alifurahi, na kufurahi kwake kukanikata maini. "Amesema analeta mchumba! Tutawapeleka Illasit tena, huyo kijana aone mlima."

"Mama, unakumbuka alichonifanyia?"

"Nakumbuka. Kwani nilisema nitamkumbatia? Nimesema nitampikia. Mgeni hafungiwi mlango, Naserian, hata akiwa mbaya. Akiwa mbaya ndio unataka aingie, umwone vizuri."

Nilimgeukia baba, nikitumaini kwamba kwa mara moja atakataa kitu. Alikuwa anapangusa miwani. "Aje," akasema. "Mimi niko na swali moja tu kwake."

Kwa hiyo sikuandikii kukuzuia. Nilitaka sana, nilikuwa na maneno makali tayari, na wanaonijua wanajua ninavyoyatoa. Njoo. Chumba kipo. Chai itakuwa na tangawizi kama ulivyoipenda. Kitengela utaikuta imejaa nyumba za kupanga, na punda milia utawaona kwa mbali, lakini wazazi wangu hawajabadilika.

Baba atakuuliza mara moja, maana hana desturi ya kurudia. Atakuuliza kwa kile Kiswahili chake ulichokuwa ukikisahihisha: nilipoenda kutafuta maji, huyu msichana alikuambia nini? Sitakuwa kando yako wala kando yake. Nitakuwa jikoni, mlango wazi, nimenyamaza, na kunyamaza kwangu ni kazi ngumu kuliko kulala rumande. Ukimjibu, jibu kwa Kiswahili, ili asihitaji mtafsiri. Na ukisema tena kwamba hukumbuki, hakuna atakayekufukuza. Mama atakuongezea chai. Lakini baba atakutazama, kisha atautazama mlango wa jikoni, na itambidi aamue ni yupi kati ya binti zake wawili anayemdanganya.

Safari njema, na usije mikono mitupu.

Ni mimi, dada yako wa kondoo, tupende tusipende,

Paker